Shangazi wa Maabara ya Polima

Ijumaa hii, tarehe 28 Juni, mkuu wa maabara yetu ya polima anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye barua za ofisi yeye ni Mkemia Mkuu. Kwetu sote, kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi, ni Shangazi.

Jina hilo tulilidaka kwa binti wa kaka yake, aliyekuwa akipita hapa kila akitoka shule na kumwita kwa sauti tangu getini.

Shangazi alianzia kwenye mabomba ya viwandani. Utando wa plastiki aliobuni ili tindikali isiyatafune bado unauzwa, na ndio unaotulipa mishahara. Si kila alichobuni kilimtii. Aliwahi kujitengenezea soli za viatu kwa plastiki mpya, akazivaa siku ya jua kali, zikabaki zimeng'ang'ania lami. Aliingia mkutanoni pekupeku, akasoma ripoti yake mwanzo hadi mwisho, na hakuna aliyethubutu kuuliza swali.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni mrija laini, mwembamba kama tambi, ambao madaktari huupitisha chini ya ngozi ili maji yanayojaa kichwani mwa mtoto yateremke tumboni. Binti wa kaka yake alikuwa nao. Kila tulipotengeneza mirija, Shangazi alibakiza kipande kwenye chupa ya maji ya chumvi yenye joto la mwili, na kila asubuhi, kabla ya chai, alikivuta kwa vidole kuona kama bado kina nguvu.

Asubuhi moja kipande kikamkatikia mkononi. Kama plastiki ilikuwa inakakamaa ndani ya chupa, ilikuwa inakakamaa pia ndani ya watoto. Hakusubiri kikao. Alipiga simu hospitali, akasimamisha mauzo, akaanza kutengeneza mirija mipya kwa mchanganyiko mwingine. Ya kwanza ilitoka michache mno.

Kaka yake alikuja getini kuomba mmoja. Nilikuwepo.

"Mtoto wako anacheza, kaka," Shangazi alimwambia. "Wa wenzako wanatapika, maji yameanza kuwajaa kichwani. Wacha watangulie."

Kaka aliondoka bila kuaga. Wiki iliyofuata mrija wa binti ulipasuka ghafla, na hakufika hospitali akiwa hai.

Wapo humu waliosema Shangazi ana roho ngumu. Mimi nilimwona siku aliyotoka mazishini, ambako kaka yake alikataa kumpa mkono. Alivaa koti lake jeupe, akaenda moja kwa moja kwenye chupa, akavuta kipande huku analia. Iliniuma, na inaniuma bado. Mirija ile ya mchanganyiko mpya ndiyo inayotumika mpaka leo, na hakuna kipande chake kilichokatika.

Baada ya msiba tulianza kumwita Mkemia Mkuu, tukidhani tunamsitiri. Aligoma.

"Niiteni Shangazi," alisema. "Nyumbani hakuna tena anayeniita hivyo."

Shangazi, tunakushukuru kwa watoto wanaokwenda shule leo kwa sababu yako. Chupa zako tutazitunza, na kabla ya chai tutavivuta vipande. Tunakuombea afya, mapumziko na usingizi mzuri. Na siku yoyote utakapopita hapa, tutakuita kwa sauti tangu getini: Shangazi!