Kitanzi cha Tano

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Ukambaa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, mtoto wa tatu wa fundi seremala. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964. Hesabu zilimpiga chenga, mwenyewe alikiri, lakini ukimpa kisu na kijiti, humpati.

Mwaka 1970 alikuwa kibarua wa wapima ardhi. Yeye na mpimaji mmoja wakapotea msituni siku kumi na moja. Marehemu alisokota kamba za magome, akapinda miche, akachonga vijiti viwili vya kushikana vya kufyatua kitanzi, na kila asubuhi hawakukosa ndege au panya wa kuchoma. Mpimaji huyo ndiye aliyemwombea kazi katika chuo cha askari wa misitu. Alifundisha hapo mitego ya kujiokoa kuanzia 1973 hadi alipostaafu mwaka 2009.

Alifunga ndoa na mama yetu, mshonaji, tarehe 6 Desemba 1975. Siku alipokwenda kumposa alibeba kamba ya magome.

"Mwanaume mzima unakuja na kamba? Unataka kunifunga?" mama akamuuliza.

"Ya kuanikia nguo," akajibu, jasho likimtoka.

Mama hucheka kila akisimulia. Juzi alishindwa kumaliza.

Tarehe 3 Juni 2024 chuo kilimwalika awaonyeshe wanafunzi wapya. Alitega vitanzi vitano, mvua kubwa ikawatimua wakiwa katikati ya kuvifungua. Jioni ile kiharusi kikamwangusha.

Hospitalini nilikaa naye mimi, kitinda mimba wake. Mdomo ulikuwa mzito, ila neno lilikuwa lile lile: "Kimoja bado. Nenda kakifungue." Nikamwambia, "Baba, pumzika, unaweweseka." Mimi huyu, niliyelelewa na mtu asiyetoka msituni kabla ya kufungua kila kitanzi! Mnyama kufa bila wa kumla, kwake ilikuwa dhuluma. Alilia, jamani. Nilimfuta machozi, na sikwenda. Alifariki tarehe 21 Juni, saa nne asubuhi.

Jana nilikwenda na askari wa msitu. Tulimkuta sungura kwenye kitanzi, amekufa siku nyingi. Kamba ilikuwa bado nzima.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu tisa na dada yake mmoja.

Baba, akili zako zilikuwa timamu. Ni mimi ambaye sikukusikiliza. Nisamehe. Nimekifungua, sasa lala kwa amani.