Bwana Mangi Ngowa na Ratiba Mpya ya Mikoroshini

Jumanne tarehe 31 Machi 2026, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi ya reli, Bwana Mangi Ngowa, stesheni masta wetu wa Mikoroshini, atastaafu na kurudi kwao Ganda, Malindi. Wengi mtakaosoma jarida hili hamjawahi kufika Mikoroshini, na hamna lawama. Ni stesheni ndogo chini ya vilima vya Kaloleni, yenye jukwaa moja, dirisha moja la tiketi ambalo ndilo langu, na mikorosho inayotoa harufu tamu asubuhi inapochanua. Kabla treni haijaonekana, reli huanza kuvuma kwa mbali, na kila aliyepo hunyamaza akasikiliza. Mgeni akikaa hapo kidogo husahau alikuwa akienda wapi.

Bwana Mangi alikuja hapa kijana, katika genge la kufyeka majani kandokando ya reli. Akawa mpakiaji mizigo, akawa mshika bendera, mwisho akakabidhiwa stesheni yote. Wanaomjua watasema ni mtu wa kuota macho wazi, na mimi sibishi. Nimemwona mara nyingi amesimama mwisho wa jukwaa, mikono nyuma, akitazama reli zinavyopotelea kwenye ukungu, chai yake ikipoa ofisini. Siku moja aliingia katika salamu na dereva, wakaulizana hali ya wazee, ya watoto, ya mvua na ya mahindi, hadi abiria mmoja akatoa kichwa dirishani kuuliza kama injini imeharibika. Tangu hapo madereva wakikaribia Mikoroshini hupunguza mwendo mapema, ili salamu zianze treni ikiwa bado inatembea.

Mwaka jana ilipotangazwa kwamba treni zetu za abiria zitachukuliwa na mwendeshaji mpya, Reli Mwambao, ndoto zake zilipata chakula. Mpango wenyewe ulikuwa wa kuvutia: treni asubuhi, mchana na jioni badala ya ile moja, mabehewa mapya yenye viti vya kukalika, na basi litakalotoka Malindi, lipite Matsangoni, Kilifi na Kaloleni, likutane na treni Mikoroshini, yote kwa tiketi moja. Barabara yetu ya udongo ingetiwa lami kwa ajili hiyo. Bwana Mangi aliusimulia mpango huo kana kwamba ameshausafiri. Alituonyesha basi litakapogeuzia, kivuli watakachokaa akina mama wenye matenga ya nyanya, na mahali atakaposhuka mkewe, Bi Everlyne, polepole, na kikapu chake kutoka Ganda. Miaka yote hiyo mke alilima Ganda, mume akafanya kazi Mikoroshini, wakaonana wakati wa likizo. Kwa kijiji jambo lilikuwa zito zaidi. Mvua ikinyesha barabara haipitiki, na pasipo treni nyanya huozea shambani na mgonjwa hubebwa kitandani.

Basi wakaja wahesabu abiria. Kampuni ilitaka kujua stesheni zipi zina watu, na zisizo na watu zingerukwa. Walikuwa watatu, wakiongozwa na mhandisi Trizah, dada mpole mwenye sauti ya chini. Asubuhi ile hapakuwa na abiria hata mmoja jukwaani. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa amefariki Bi Kabibi, mkunga aliyezalisha karibu nusu ya kijiji, na kwetu akifa mtu wa namna hiyo hakuna anayesafiri wala kushika jembe mpaka azikwe.

Sentensi moja ingetosha kuwaeleza wageni. Lakini Bwana Mangi alilelewa kwamba mgeni hapewi habari ya kifo mlangoni. Hukaribishwa, akanywa, akala, akapumzika, ndipo akaambiwa kwa utaratibu. Akaagiza madafu. Akaagiza muhogo na samaki wa kukaanga. Wageni wakala, wakasifu, upepo wa mikorosho ukawalaza, naye akaona haya kuwaamsha. Honi ikalia, wakakurupuka, wakapanda. Bwana Mangi mwenyewe akawapungia bendera ya kijani, habari ya msiba ingali mdomoni. Mimi nilikuwa matangani nikisaidia jikoni. Niliporudi nilimkuta ameketi kwenye benchi, kajishika kichwa.

Ratiba ya majaribio ilipotoka, Mikoroshini haikuwemo, na basi la Malindi halikuwemo. Bwana Mangi alikonda. Alisema hawezi kwenda Ganda akaishi kwa raha akijua kijiji kimekosa treni kwa sababu ya adabu zake. Kwenye mkutano wa maoni mjini Kilifi alisimama, akatoa salamu zake ndefu, ukumbi mzima ukangoja, kisha akasema: "Wanangu, siku ile tulikuwa na msiba. Nikaona vibaya kuwapa habari ya kifo kabla hamjanywa maji. Kosa ni langu, si la kijiji."

Trizah, aliyeketi meza ya kampuni, aliinuka. "Pole sana, baba," akajibu. "Ungetwambia tungekwenda kuzika."

Wahesabu wakarudi Mikoroshini. Na kwa kuwa ni watu wenye heshima zao, kabla ya kuhesabu walitaka kwanza kutoa pole nyumbani kwa marehemu. Kijiji kikasikia kuna wageni wanaleta pole, na wageni kama hao sharti wapokewe, basi kila mtu akaahirisha safari yake akaenda kwa kina Bi Kabibi. Jukwaa likabaki tupu tena. Nilidhani Bwana Mangi atazimia. Lakini Trizah alisimama uani, akatazama mikeka iliyojaa watu mpaka kwenye migomba, akauliza ni nani hapo hupanda treni. Mikono ikainuka, hata wa bibi mmoja asiyeona vizuri aliyedai husafiri kila wiki. Trizah akawahesabu palepale, bila haraka, mtoto wa mtu amelala begani mwake.

Wiki iliyopita ratiba kamili ilibandikwa kwenye dirisha langu. Mikoroshini imo, asubuhi, mchana na jioni, na basi la Malindi limo. Bwana Mangi aliisoma, akairudia, kisha akatoka akaenda kusimama mwisho wa jukwaa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Huduma itaanza Juni, naye Juni atakuwa Ganda, kwa hiyo treni aliyoipigania hatakuwa yeye wa kuipokea. Hilo linaniuma, na nalisema wazi.

Bwana Mangi, ahsante kwa subira yako, kwa salamu zako, na hata kwa madafu yale yaliyotaka kutuangamiza. Mungu akupe afya wewe na Bi Everlyne, mvua ya kutosha shambani, na usingizi usiokatizwa na honi. Siku mtakayoamka na hamu ya kutuona, pandeni basi hapo Malindi mje. Mkitaka kuendelea mbele, ngojeni tu jukwaani. Treni itasimama.

Mwanamina Faris
Dirisha la Tiketi, Mikoroshini