Hina Kwenye Gundi ya Bi Fathiya

Karibuni, wasikilizaji wapendwa. Sogeza kiti, mwite na jirani. Leo tunamkumbuka Bi Fathiya wa Woodley, muuza kanga wa katikati ya jiji. Hakuwa polisi. Alitafuta watu waliopotea, kwa miguu yake mwenyewe, na amekufa akimtafuta Mutinda.

Mutinda ni kijana wa Waithaka. Alitoka kwenda kazini, hakurudi. Mama yake, Nzula, aliingia duka la Bi Fathiya kununua leso, akatoa picha ya mwanawe, akalia tu.

"Alifunga duka," anasema Nzula. "Akaniambia, 'Mwanao ni wangu. Twende.'"

Walizunguka hospitali. Walizunguka vituo vya polisi. Njoo kesho, njoo kesho. Jamani, hiyo kesho haina asubuhi?

Bi Fathiya akabandika picha ya Mutinda pale steji ya matatu, Waithaka, kando ya picha za wengine waliopotea. Za wengine zilibaki. Ya Mutinda ilibanduliwa kabla gundi haijakauka. Akabandika tena. Ikabanduliwa tena. Basi mama yule, mzaliwa wa Mombasa, akafanya mambo ya kwao: akapika gundi ya unga wa ngano, akaikoroga na hina. Atakayekwangua, kucha zitamsema.

Jumapili akaenda maombini kwa Nzula. Chai iligawiwa na mtu mmoja wa kamati ya kumtafuta Mutinda, rafiki wa nyumba ile. Kucha zake zilikuwa nyekundu kama za bibi harusi.

"Baba, kwenu kuna harusi?" Bi Fathiya aliuliza. Kikombe kikamponyoka yule mtu.

Jina lake silitaji. Wanasheria wa kituo chetu cha redio wananikodolea macho hapo nyuma ya kioo. Polisi walimhoji, wakamwachilia.

"Mama, kucha si ushahidi," afisa alimwambia Bi Fathiya. "Enda nyumbani utulie, tutakupigia."

Hawakupiga. Inaudhi, wasikilizaji wapendwa, inaudhi sana! Alirudi pale kaunta mara nyingi, kila mara afisa mpya, kila mara aanze hadithi upya. Siku za mwizi ni arobaini, tunaambiwa. Huyu wetu, nani anamhesabia? Moyo wa Bi Fathiya ulikuwa mgonjwa. Wiki iliyopita ulisimama.

Baada ya mazishi, bintiye, Sahar, alibandika picha ya Mutinda tena, kwa gundi ya mama yake. "Nilikuwa na hasira tu," anasema. Picha ilibanduliwa. Kesho yake mtu yule wa kamati akaja matangani Woodley. Mzee Amin, mume wa marehemu, akamnyooshea mkono. Mtu yule akainamisha kichwa, akasema pole, mikono yote miwili mfukoni.

"Simtakii jela," Nzula anasema. "Aniambie tu mwanangu yuko wapi."

Pole, Mzee Amin. Pole, Sahar. Mungu amrehemu Bi Fathiya. Pole, Mama Nzula, usiye na mwana wala kaburi la kulilia. Na sisi wengine tujiulize, picha zile pale stejini tunazipitaje kila siku kama matangazo ya viatu?

Na wewe wa Waithaka, najua unasikiliza. Mzee Amin bado amenyoosha mkono.