Vitenge kwa Mpishi, Ndagala kwa Wakwe

Amahoro, mama zangu, amahoro, dada zangu. Rais wa kikundi ameniambia niseme kwa ufupi. Wanaonijua wameshaanza kucheka, nawaona pale nyuma. Nitajaribu.

Mnakumbuka maji ya ziwa yalivyopanda yakala duka langu. Niliokoa vitenge na magunia ya ndagala kavu, wale samaki wetu wadogo wa ziwani. Meza na mlango vikaenda. Nikabaki na simu. Nikapiga picha za mali yangu, nikaziweka mtandaoni, na watu wa Bujumbura wakaanza kuagiza. Komande moja, komande nyingine. Nikasema, Mungu wangu, kumbe mtu anaweza kuuza bila hata mlango!

Ndugu zangu, nawaambia: kuuza si kazi. Kazi ni kufikisha.

Mwanzoni nilifanya yote mwenyewe. Bwana yangu akawa analala amejikunja, maana pale pa kunyooshea miguu palikuwa na gunia. Kanisani watu wa benchi letu wakaanza kusogea pole pole, kwa heshima, kwa ile harufu. Mizigo niliisindikiza mwenyewe mpaka mjini. Na petroli ikikosekana, gari linasimama njiani, pale Magara, nami nakaa kando ya barabara juu ya furushi, mteja anapiga: "Mama, uko wapi?" Najibu, "Niko karibu." Karibu na nini, hakuuliza, nami sikumwambia.

Nikachoka. Ndipo akatokea kijana mmoja wa Bujumbura mwenye dipo, ghala la kutunzia mizigo. Sauti tamu! "Mama, wewe pumzika. Leta mali yote kwangu. Komande ikiingia, unanitumia jina tu. Mimi nafunga, mimi napeleka." Nikampa vyote. Nikakaa nyumbani nimenyoosha miguu kama mke wa waziri. Bwana yangu naye akanyoosha yake.

Halafu Jumamosi moja asubuhi simu ikalia. Alikuwa mama mwenye restora kule Kabezi, aliyeagiza ndagala.

"Mama wa Rumonge, ndagala zako zimefika. Lakini ziko na maua."

"Maua gani?"

"Maua mekundu, na ndege wa kijani. Sasa hii inapikwa namna gani? Iko na chumvi tayari, ao niongeze?"

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Kama vitenge viko Kabezi, ndagala ziko wapi?

Simu ikalia tena. Mama wa bibi harusi wa mjini, aliyeagiza vitenge. Siku ile walikuwa wanapokea mahari, na vitenge vilikuwa vya mashangazi wa bwana harusi. "Tumefungua furushi mbele ya wakwe," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuma meno. "Wanauliza: munatuvika ao munatulisha?"

Nikampigia kijana wa dipo. "Mama," akasema, "mifuko yote ni myeusi. Mimi ningejuaje?"

Mama zangu, nililia. Niliona ndoa ya watu imevunjika kwa ajili ya ndagala zangu. Nikaandika mtandaoni: NIMEFUNGA. Nikazima taa ya roho yangu kabisa.

Yule mama wa Kabezi akaisoma, akapiga. "Umefunga nini? Vitenge vya watu viko hapa kwangu. Panda gari, uje, tuvipeleke."

Nikaenda. Akatoka na aproni yake, hata hakuivua, tukaingia mjini naye. Njiani nilirudia maneno ya kuomba msamaha kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani. Tunafika, mlangoni amesimama baba mkubwa wa bwana harusi, anafuta mdomo.

"Ni wewe uliyeleta hii samaki?"

"Ni mimi, baba. Munisamehe."

"Nisamehe nini? Wameipika. Nataka gunia nzima!"

Mashangazi wakajifunga vitenge palepale, juu ya nguo walizovaa, vigelegele vikapigwa. Ndoa ilifungwa, na mtoto wao ameshaanza kutembea.

Tukirudi nikamwambia mama wa Kabezi, basi, narudia kufanya yote mwenyewe. Akaniuliza, "Na bwana yako atalala wapi?" Tukabishana mpaka tukakubaliana. Vitenge haviozi: vikae mjini kwa fundi cherehani anayevijua kwa majina, yeye ndiye avitume. Ndagala zinataka macho yangu: nizifunge hapa Rumonge, kwenye mifuko inayoonyesha ndani, ziteremkie kwenye restora yake, wateja wazichukue pale. Wakingoja wanakula wali. Naye, msifikiri ni mjinga, wali anauza vizuri sana.

Na mimi nawashukuru ninyi, mama wa kikundi hiki. Mlikuja uani kwangu kufunga mifuko wakati sikuwa na la kuwapa ila chai, tena chai isiyo na sukari. Yule wa Kabezi, Mungu amwongezee masufuria.

Somo langu ni hili. Kabla hujaamua kubeba mwenyewe au kumpa mwingine, iangalie mali yako uone inaharibiwa na nini: maji, kuchelewa, au kuchanganywa. Kisha ukimpa mtu, usimpe mwenye sauti tamu. Mpe yule ambaye mzigo ukipotea, naye hatapata usingizi.

Asanteni sana, murakoze cane.