Hofu Isiyo na Mwenyewe

Asubuhi ya uamuzi, Idrisi hakwenda mahakamani. Binti yake Safiya ndiye aliyemkataza: “Baba, ukilia nitalia.” Basi akafungua buchari yake hapa Mikinduri, akaketi kwenye benchi la nje na wenzake, simu kwenye goti. Benchini, Murungi muuza viatu vya mitumba huitwa Hansard, kama zile kumbukumbu za bunge, kwa kuwa hukumbuka hata maneno ambayo hayakusemwa. Bundi, fundi wa simu, ni Satelaiti. Mwanatatu anayeuza kahawa ni Mwanatatu tu. Hakuna aliyethubutu kumbandika jina. Habari ilikuwa moja. Kituo cha afya kilikosa dawa, Safiya na vijana wenzake wakaandamana wakigonga sufuria tupu, wakashtakiwa kwa ugaidi.

— Shida ni sufuria, Hansard alianza. Ukigonga moja, hiyo ni kupika. Ukigonga mia, hiyo ni jeshi. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba.

— Wahenga walikuwa wanaongea juu ya jeshi? Mwanatatu aliuliza.

— Wewe mimina kahawa.

Satelaiti alitema ganda la miraa.

— Hansard, umeachwa na gari. Sufuria ni aluminiamu, na aluminiamu inashika netwaki. Hao watoi wa maandamano walikuwa wanarushia ng'ambo sauti bila kujua. Kikulacho ki nguoni mwako! Ndiyo maana walipekuliwa mifuko.

— Wakapatikana na nini? Mwanatatu aliuliza.

— Leso na njugu.

— Njugu! Hansard aliruka. Si hizo ukikaanga zinalipuka?

Idrisi hakucheka. Kifungo cha kosa lile kingemrudisha Safiya nyumbani akiwa na mvi.

— Baba Safiya, usijali, Hansard alimwambia. Hata akifungwa, subira huvuta heri.

— Rudia hiyo, nikumwagie birika lote, Mwanatatu alisema.

Satelaiti alikuwa bado angani.

— Kuna nchi zinatuuzia neti za mbu. Sasa, tukipata dawa ya malaria, hizo neti wauzie nani? Ndiyo maana kuulizia dawa ni ugaidi. Iko wazi!

Mwishoni mwa benchi alikuwa ameketi mwanamume mmoja, gunia la ndengu miguuni, akingoja gari.

— Samahani wazee, alisema. Mimi naitwa Njagi, natoka Ishiara, sijui ya hapa. Hao watoto walitisha nani?

Mwanatatu alimmiminia mgeni kahawa.

— Walitisha... chifu, Satelaiti alijaribu.

— Chifu alitoka akapiga nao picha, Mwanatatu alisema.

— Basi wenye maduka kama mimi, Hansard alidakia.

— Mzee, wewe ulifunga lako? Njagi alimgeukia Hansard.

— Nifunge vipi na wateja wamejaa barabara?

Idrisi aliinua kichwa. Mjini humu fujo ikinusika tu, mchinjaji hushusha nyama dirishani kabla hajafunga mlango. Siku ya maandamano yeye hakushusha hata kipande. Safiya alipita mbele ya dirisha akigonga sufuria, naye Idrisi alikuwa anampimia mtu matumbo.

Simu ikalia.

— Baba, niko nje! Wote tumeachiliwa!

— Alhamdulillahi! Hakimu amesemaje?

— Wakili wetu, Bi Gatakaa, aliuliza kila shahidi wao swali moja: “Wewe uliogopa?” Wote walisema hapana. Hakimu amesema hawezi kumfunga mtu kwa hofu isiyo na mwenyewe.

Mwanatatu alipiga vigelegele hadi mbwa wa sokoni wakabweka. Satelaiti alimkumbatia Njagi pamoja na gunia lake.

— Si nilisema? Hansard alipaza sauti. Tangu mwanzo nilisema!

— Baba, Safiya aliita katikati ya kelele. Dawa zimefika?

Idrisi aliwatazama wenzake. Satelaiti akatikisa kichwa.

— Bado, mwanangu.

— Basi tukuteni sokoni na sufuria. Tuko njiani.

Idrisi alikuwa ameshasimama. Hansard aliacha kahawa yake nusu, jambo ambalo Mwanatatu hakuwahi kuliona, akamfuata.