Mvua Isiyokatika

Wasikilizaji wapendwa, kama mmeona leo kuna kitu kimepungua chini ya sauti yangu, hamjakosea. Kipindi hiki huanza na mvua. Leo hakuna mvua. Aliyeitengeneza amefariki dunia.

Alikuwa fundi wetu wa sauti. Tulimwita Kimya, kwa sababu ndilo neno alilotuambia mara nyingi kuliko yote. Alitujengea maktaba ya sauti za mazingira: mvua juu ya bati, ukumbi wa hospitali, soko, upepo kwenye nyaya. Kila sauti ilikuwa duara. Alirekodi, akachagua kipande, akaunganisha mwisho wake na mwanzo wake, kikazunguka bila kukoma. Watunzi wa muziki na wa michezo ya redio walichota humo.

Sheria yake ilikuwa moja. Ndani ya duara pasiwe na kitu cha kukumbukwa. "Mbwa akibweka mara moja tu," alituambia, "humu atabweka mpaka kiama." Aliwahi kutupa asubuhi nzima ya soko kwa sababu ya chafya ya mchuuzi.

Mkewe ni fundi cherehani. Walitaniana.

"Mshono wangu watu wanaushika," mke alimwambia. "Wako hata hauonekani. Tutajuaje kama umeshona?"

"Ukiusikia, mke wangu, ujue nimeharibu."

Nyumbani alikuwa kero. Anapiga sauti aliyorekodi kidogo, anasimamisha, anarudisha nyuma, anapiga tena. "Nimeishi na mvua ya vipande vipande," mkewe alisema msibani. "Nguo kambani sijui nianue au niache."

Alhamisi ile aliingia studio ya ndani asubuhi, kutengeneza mvua ya mchezo mpya wa redio. Alifunga mlango. Taa nyekundu ikawaka. Taa hiyo ikiwaka, hakuna anayegonga. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha hivyo. Mtangazaji wa michezo alipita, akasema, "Leo mzee atatugharikisha." Watu wakacheka. Mfagizi alipita. Mkuu wa vipindi alipita. Wote walisikia mvua. Wote walijua Kimya yuko kazini.

Mchana mkewe alimpigia simu, haikupokelewa. Akapiga mapokezi.

"Yupo, shemeji, anachapa kazi. Mvua yake tunaisikia tangu asubuhi."

"Hebu nisogezee simu mlangoni."

Dada wa mapokezi akasogeza. Mke akasikiliza. Kisha akasema, "Huyo akifanya kazi anaikatakata. Hiyo haikatiki. Fungueni mlango."

Tulimkuta kitini, hedifoni shingoni, mwili umeshapoa. Mvua ilikuwa bado inanyesha. Mshono haukusikika.

Daktari alisema ni moyo. Mkewe alimuuliza jambo moja tu: wangefungua asubuhi, angepona? Daktari akajibu, "Mama, siwezi kusema ndiyo. Wala siwezi kusema hapana." Jibu hilo ndilo alilorudi nalo nyumbani.

Mkuu wa vipindi alitaka mvua ile ifutwe. Mjane alikataa. "Mvua haina kosa," alisema. "Ninyi ndio hamkugonga." Hakupaza sauti. Mvua haikufutwa.

Kwa mjane, kwa watoto, na kwa ndugu zake wote, kituo hiki kinatoa pole. Hatuwaambii kwamba alikwenda kwa amani, kwa sababu hatukuwepo. Tulikuwa upande wa pili wa mlango.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, huenda upo mlango mnaoupita kila siku. Ndani mnasikia redio, cherehani, maji ya bomba, mkasema mwenyewe yupo, mambo yake yanaendelea. Leo gongeni. Akiwakaripia kwa kumkatiza, shukuruni.

Mvua inayoanza sasa ni ile ya Alhamisi. Mjane ameridhia tuipige. Fundi mwingine amekaa nayo, mkono kwenye kitufe, naye ataisimamisha, maana yenyewe haikatiki.