Mama Sogea, Aliyewarudisha Watu Pichani

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake, na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, mimi ni mdogo wake anayemfuata, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu, wanavyodai wao, nina sauti inayosikika hadi nje ya geti, jambo ambalo marehemu mwenyewe alinilalamikia tangu utotoni. Nitasoma taratibu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, akiwa mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba seremala wa karakana ya reli na mama mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo dirisha lake la nyuma lilitazama uwanja mtupu wenye njia moja ya miguu. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba dada, kabla hata hajaanza shule, alipenda kukaa dirishani hapo na kuuliza ni nani aliyepita, na akiambiwa hapajapita mtu anabisha, anataka aelezwe, kama watu hawapiti, ile njia imetoka wapi. Ubishi huo hakuuacha, ulikua naye.

Alianza shule ya msingi Januari 1958 na kumaliza mwaka 1964, kisha akasoma sekondari hadi Novemba 1968, ambako hesabu zilimpiga chenga lakini mwalimu wa sanaa alimkabidhi ufunguo wa stoo ya rangi na hakuwahi kuudai tena. Mwaka uliofuata aliingia kujifunza kazi katika studio ya picha iliyotazamana na posta, akafundishwa kupaka rangi kwa mkono juu ya picha nyeusi na nyeupe, maana enzi hizo mteja alitaka midomo iwe myekundu na mashavu yang'ae hata kama siku ya kupiga picha alikuwa na homa. Hapo ndipo alipojifunza kwamba rangi kidogo tu, ikiwekwa mahali pake, humfanya mtu aonekane yupo.

Tarehe 2 Mei 1974 aliajiriwa kuwa mpigapicha wa ofisi ya upimaji ardhi, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006. Alitakiwa kupiga picha za viwanja kabla havijagawiwa, na sharti la ofisi lilikuwa kwamba kiwanja kionekane kitupu, lakini kila alikokwenda alikuta watu, huyu anaanika nguo, yule amekaa juu ya jiwe anakula muhogo wake, watoto wanakatiza kwenda shule, naye ilimbidi awaambie kwa adabu, "Naomba usogee kidogo," wakasogea, akapiga, akawashukuru. Ofisini wakamwita Mama Sogea hata kabla hajawa mama wa mtu.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Picha zilizoharibika, zile zenye doa au ukungu, mkuu wake alimruhusu kuzichukua, naye akizifikisha nyumbani alikuwa akitandika gazeti juu ya meza ya chakula, anafungua rangi zake za mafuta, na kuwarudisha watu wote aliowasogeza, kila mmoja mahali alipokuwa amesimama. Ardhi aliiacha nyeusi na nyeupe kama kamera ilivyoiona, watu ndio waliokuwa na rangi, tena bila pua wala macho, bega tu, khanga, mgongo ulioinama, na bado ukimfahamu mtu ungemtambua pale pale. Sisi wa nyumbani tulikuwa tukilalamika kwamba meza inanuka tapentaini ya kuyeyushia rangi na chakula kinanuka tapentaini, naye alikuwa akitujibu kwamba tukashitaki.

Mwaka 1977 alikutana na mwanamume mmoja aliyegoma kusogea. Alikuwa mwashi, anajenga ukuta kwenye kiwanja kilichotakiwa kupigwa picha, na alipoombwa kwa ile adabu yote alijibu bila kuacha mwiko wake, "Mimi nikisogea, ukuta utasema umejijenga?" Dada akampiga picha na ukuta wake, mkuu wa ofisi akaikataa picha ile, yeye akaenda nayo nyumbani, na wote tuliomfahamu tukajua kwamba amepatikana. Walifunga ndoa tarehe 22 Aprili 1978, wakaishi vizuri, kwa mabishano ya kutosha, hadi shemeji alipotutangulia tarehe 11 Oktoba 2009. Ukuta wa uani kwake, mnaoufahamu wengi wenu, ni kazi ya mikono ya shemeji.

Walijaliwa watoto watatu, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1979, na wasichana wawili, wa 1982 na 1986, na wajukuu watano. Hapa naomba niseme jambo ambalo mwanawe huyo mkubwa ameniruhusu kulisema, tena amesisitiza lisemwe. Septemba 1994 marehemu alifanya maonyesho yake ya kwanza katika ukumbi wa maktaba, na picha iliyowavuta watu kuliko zote ilikuwa ya mwanawe bombani, amevaa fulana iliyotoboka mgongoni, imepakwa rangi ya machungwa usiyoweza kuipita bila kuiona. Wenzake wa shule waliiona. Walimwita Fulana mwaka mzima, na kijana wa miaka kumi na mitano hana ngozi nene kiasi hicho, kwa hiyo siku moja alimwambia mama yake, "Usinichore tena mpaka niseme mwenyewe."

Dada alikubali, na aliumia. Aliniambia kwamba miaka yote aliyokuwa akiwarudisha watu pichani alijiona anawatendea haki, kumbe hakuwahi kumuuliza hata mmoja kama anataka kurudi. Tangu siku hiyo hakuchora mtu bila ruhusa yake, akawa anabeba picha mkobani na kuwatafuta watu mitaani, wengine walikubali, wengine walikataa, na waliokataa aliwaachia nafasi yao ikiwa tupu. Kazi zake za miaka hiyo ndizo zilizomjengea jina, ndizo zilizotundikwa kwenye kumbi za maonyesho za nchi za nje, na mtu akizitazama kwa makini ataona kwamba zile nafasi tupu zina uzito kuliko rangi.

Nyumbani kwake, hata hivyo, uzito huo ulikuwa wa mtoto wake. Katika kila picha ya familia aliyoipaka rangi na kuitundika ukutani, ya harusi, ya mahafali, ya mjukuu kutimiza mwaka, sisi sote tuna rangi, na kijana yule peke yake ni wa kijivu. Wageni waliuliza kama kijana alishafariki, mmoja hata alimpa pole kijana mwenyewe, aliyekuwa akimkaribisha soda. Alicheka, maana ni mtu wa kucheka, ni fundi umeme mwenye kazi na familia yake, hajawahi kumkosea mama yake heshima, lakini neno lenyewe la ruhusa hakulisema, na mama yake hakumwomba alitamke. Nilimsihi dada amchore tu, nani atamuuliza, akaniambia nikitaka kuvunja ahadi nianze na zangu.

Agosti 2022 marehemu alipata kiharusi, mkono wa kulia ukapoteza nguvu, akajifunza kushika brashi kwa mkono wa kushoto akiwa na miaka sabini na moja. Mwaka jana moyo nao ukaanza kuchoka. Januari hii bintiye wa mwisho alitupiga picha sote uani, mbele ya ukuta wa shemeji, marehemu amekaa kwenye kiti katikati, picha ikachapishwa kubwa, nyeusi na nyeupe kama alivyoipenda, na kwa majuma mawili alikuwa akitupaka rangi mmoja mmoja, akiomba ruhusa kwa kila mtu, hata kwa mjukuu wa miezi minane. Mimi aliniongezea unene, na ruhusa hiyo sikumpa.

Mchana wa tarehe 20 Januari mwanawe alikuja kurekebisha swichi ya chumba cha marehemu, akasimama nyuma ya kiti cha mama yake na bisibisi mkononi, akaitazama ile picha kwa muda, akajitazama mwenyewe, kisha akasema, "Mama, na mimi." Dada hakugeuka. Alichovya brashi pana kwenye bluu ya shati lake, na alipoona kijana anainama ili aone vizuri, akamwambia, "Usisogee." Miaka yote ile nilimsikia akisimulia alivyowaomba watu wasogee, na siku hiyo, nikiwa nimekaa pale pembeni, ndipo niliposikia kinyume chake. Mtoto wake alisimama pale hadi jua likaondoka uani, na mkono ule wa kushoto ulimpa bega, kifua na shingo, vikamtosha.

Alilazwa tarehe 29 Januari, akafariki dunia tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, watoto wake wote watatu wakiwa kando ya kitanda chake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomruhusu kubandika picha ukutani kinyume na taratibu, majirani walioacha shughuli zao, wafanyakazi wa ofisi ya upimaji, wa zamani na wa sasa, na muuza rangi aliyekuwa akimletea makopo hadi mlangoni alipokuwa hawezi kutembea.

Picha ile mnaiona hapa kando ya jeneza. Sisi sote tuna rangi, na mmoja tu ni wa kijivu, aliyekaa katikati kwenye kiti, kwa sababu alijiweka wa mwisho na hakujifikia. Kuna waliopendekeza tummalizie. Mwanawe mkubwa amekataa, na familia nzima imekubaliana naye, kwamba hakutuambia tumchore, basi hatumgusi, nafasi yake itabaki kama alivyoiacha.

Upumzike kwa amani, dada yangu. Sisi hatusogei.